Barua ya Wanaume wa Alfajiri



Tangu Jumatatu iliyopita kuna barua juu ya meza ya ofisi yetu ya parokia. Imechapwa vizuri, ina mistari minne ya heshima kabla haijaufikia mzigo wenyewe, na chini yake imeachwa nafasi ya sahihi na mhuri wa Paroko. Inaelekezwa kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Ndani yake, akina baba wanaofanya mazoezi katika uwanja wa wazi ulio mkabala na kanisa letu wanaomba watengewe uwanja huo kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, kwa ajili ya wanaume pekee. Nasi tumeombwa tuiunge mkono barua hiyo kama walezi wa kiroho.

Hatutaitia sahihi. Na kwa kuwa tangu Jumapili maneno yanazunguka mlangoni pa kanisa kwamba Paroko hapendi mazoezi, tumeona ni haki tutoe sababu zetu hadharani, mahali ambapo wenye barua na wake zao wanaweza kuzisoma kwa pamoja.

Kwanza tuondoe uvumi. Mazoezi tunayapenda, angalau kwa macho. Daktari alipotueleza mwaka jana habari za presha yetu, tulivaa raba tukaenda uwanjani na akina baba hao kwa majuma matatu. Mzunguko wa pili tulikuwa tukiketi chini kwa kisingizio cha kufunga kamba za viatu, na hakuna aliyetucheka, au basi hakuna aliyetucheka kwa sauti. Tuliyoyaona pale hatutayasahau. Wanaume thelathini hivi katika giza, mwalimu wa sekondari bega kwa bega na fundi makenika, mtu wa benki akihesabiwa pushapu na kijana wa bodaboda, filimbi moja, jasho moja. Kiongozi si mmoja: leo huyu, kesho yule. Mwishoni husimama katika duara, kila mmoja hutaja jina lake, na mwenye neno husema neno lake. Tumehubiri miaka mingi tukiwaomba wanaume wa parokia hii wafungue midomo yao, wakafumba. Uwanjani tuliwakuta wakizungumza.

Kwa hiyo tunawaomba pia wale wazee wanaosema kwamba nguvu hizo zingepelekwa kwenye Misa ya saa kumi na mbili, wapumzike kidogo. Mtume Paulo, anayetajwa sana katika lawama hizi, hakulitupa zoezi la mwili alipomwandikia Timotheo. Alilipa thamani yake, kisha akalipima mbele ya jambo kubwa zaidi. Na kwa Wakorintho, watu walioishi karibu na michezo mashuhuri ya Isthmia, hakuona haya kutumia mfano wa mkimbiaji na wa mpiga ngumi. Mwaka 2018 Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati nzima juu ya michezo na mwanadamu. Anayetafuta silaha ya kumpiga mwanamume anayekimbia alfajiri, asiitafute katika Kanisa.

Ugomvi wetu uko katika maneno mawili tu ya barua ile: wanaume pekee. Na nyuma ya maneno hayo mawili kuna fikra moja, kwamba alfajiri ni mali ya wanaume kwa sababu wao ndio walioamka.

Ndugu zetu, nani aliyewaambia kwamba mmeamka peke yenu?

Saa kumi usiku, ninyi mkiwa bado mnajigeuza kitandani, mama lishe wa mtaa huu ameshawasha jiko. Mama wa vitumbua ameshakoroga unga wake tangu jana na sasa anachoma. Akina mama wauza samaki wako njiani kwenda Feri ili wasikute samaki wazuri wamekwisha, na wauza mboga wanashindania nafasi kwenye daladala ya kwanza. Mama anayewauzia ninyi uji pembeni mwa uwanja, yule mnayemwita "mama wa kikundi", anakuja akiwa amebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na amefika kabla yenu. Halafu mnajipanga katika duara na kusifiana kwa ushujaa wa kuamka mapema. Alfajiri ya Dar es Salaam ina wenyewe wa siku nyingi, nao hawakuwahi kuiandikia barua.

Tena tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko jambo hili linakouma. Juma lililopita mama mmoja alikuja ofisini, akakaa, akavuta kanga yake begani, akasema: "Baba Paroko, mimi sikatai mazoezi. Mume wangu tumbo limepungua, halali tena na hasira. Lakini akienda yeye kukimbia uwanjani, mimi nakimbia nyumbani." Tukamwomba afafanue. Akafafanua. Gari la shule hupita mtaani kwao saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa foleni za jiji hili haziwaonei huruma hata watoto wa darasa la kwanza. Kabla ya hapo lazima watoto wawili waamshwe, waogeshwe, wavishwe, wanyweshwe chai, wa tatu abembelezwe asilie. Maji ya baba ya kuoga baada ya mazoezi yawe tayari, na kifungua kinywa kiwe kimebadilika, kwa maana siku hizi baba hali chapati, anataka mayai na parachichi. Zamani mume huyo alikuwa akiwashika watoto angalau viatu. Sasa wakati wa viatu yuko uwanjani akihesabu pushapu.

Mazoezi yake, basi, yanalipiwa, na anayelipa hayumo katika orodha ya wanachama. Nyumba yenye dada wa kazi nayo isijione imesalimika, kwa kuwa dada huyo naye ni binti wa watu, na usingizi wake ni usingizi. Na ili tusionekane tunawarushia wengine mawe, tukiri: chai yetu wenyewe ya asubuhi huandaliwa na mama mmoja ambaye sisi hatujawahi kumuuliza huamka saa ngapi. Tulimuuliza juzi. Hatukulipenda jibu.

Akina baba walipokuja kuitetea barua walileta hoja, nasi tuliahidi kuzitendea haki.

Hoja waliyoipenda zaidi inatoka mbali. Mwenzao mmoja aliyesoma Marekani aliwasimulia habari za kundi liitwalo F3, lililoanzishwa na David Redding na Tim Whitmire katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, tarehe 1 Januari 2011, na ambalo tangu hapo limeenea katika miji mingi ya nchi ile. Wanaume hukutana kabla ya jua kuchomoza, katika bustani za umma na viwanja vya shule. Herufi ile ya F inasimamia mambo matatu, yaani afya ya mwili, udugu na imani, ingawa imani hiyo hawaifungi katika dini moja. Wana kanuni tano: mazoezi ni bure, yako wazi kwa wanaume wote, hufanyika nje, iwe mvua au jua, joto au baridi, huongozwa na wanachama wenyewe kwa zamu, bila kuhitaji cheti cha ualimu, na humalizika kwa duara la kuaminiana. "Unaona, Baba," wakatuambia, "hata kwa wenzetu ni wanaume peke yao."

Tumeona. Lakini tumeona na mengine. Kanuni ya kwanza inasema bure, na kikundi chetu kinatoza kiingilio cha shilingi 20,000, tena na fulana juu yake, hata kijana wa bodaboda tuliyemtaja hapo juu ametoweka tangu fulana zilipokuja. Kanuni ya pili inasema wanaume wote, na fundi wa matofali anayelala kibandani nyuma ya uwanja huo huo hajawahi kukaribishwa. Katika kanuni tano mmeisikia nusu ya moja, ile inayowaacha wanawake nje. Tena wale wa Charlotte hawasemi popote katika kanuni zao kwamba wakiwapo wao bustani ifungwe kwa wengine. Na wanawake wa huko hawakukaa kimya: walianzisha kundi lao la namna ile ile, bure, nje, alfajiri. Bila shaka siku za kundi hilo kuna waume waliobaki nyumbani kutafuta soksi za watoto. Sehemu hiyo ya habari haikusafiri na ndege.

Hoja nyingine ni usalama: kwamba si salama kwa mwanamke kutoka saa hiyo. Hoja hii ilitushangaza, kwa kuwa ilitolewa huku mama wa uji akipita dirishani. Giza hilo linakuwaje salama kwa mwanamke mwenye ndoo, likawa hatari kwa mwanamke mwenye raba? Na kama uwanja una wanaume thelathini wacha Mungu, wote wanajuana kwa majina, je, hapo mwanamke hapaswi kuwa salama kuliko mahali pengine popote mtaani? Ikiwa hayuko salama, basi akina baba watuambie anamwogopa nani.

Wako pia waliosema si mila yetu. Hapa tulicheka. Sisi sote tuliosoma shule za msingi za nchi hii tulikimbia mchakamchaka kabla ya paredi, wasichana na wavulana mstari mmoja, tukiimba mpaka vumbi lituingie kooni. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, limewapokea na kuwakimbiza vijana wa kike na wa kiume. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo, hakuligawa taifa kwa jinsia. Mila ya kumtoa mwanamke uwanjani mmeitoa wapi?

Imebaki hoja moja nzito, nayo hatutaipuuza. Walisema: "Baba, wanaume hawasemi mbele ya wake zao. Mkituingizia wanawake, duara litakufa." Ni kweli kwamba wanaume wanakufa na mambo moyoni. Tumewazika. Tumesimama makaburini tukisikia kwa mara ya kwanza kwamba marehemu alikuwa na kisukari miaka sita, kwamba alikuwa na deni, kwamba alikuwa halali. Akina mama wana WAWATA tangu mwaka 1972, wana jumuiya, wana vikoba, wana misiba ambako hukesha pamoja jikoni na kuambiana yote. Akina baba wana UWAKA, ambayo katika parokia yetu hukutana ikiwa kuna uchaguzi. Duara la uwanjani limewapa kitu ambacho sisi tulishindwa kuwapa.

Lakini sikilizeni na kisa hiki, ambacho mwenyewe ameturuhusu tukisimulie bila jina. Mwanamume mmoja aliachishwa kazi. Kwa miezi minne alitoka nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa shati la ofisini, akaenda kukaa mahali mpaka jioni. Asubuhi moja, katika lile duara, alisema. Wenzake walimshika mabega, wakachanga, na baadaye mmoja akamtafutia kazi ya muda. Hadi hapo tunamshukuru Mungu kwa duara hilo. Ila mkewe aliipata habari hiyo sokoni, kwa mke wa mwanachama mwingine, katikati ya watu, akiwa ameshika kilo mbili za mchele alizokopa. Wanaume thelathini walijua. Yeye, aliyekuwa akiipiga pasi ile shati kila usiku, hakujua. Alituambia kwamba kufukuzwa kazi kwa mumewe hakukumuumiza kama alivyoumia kuona aibu yake imepata watu thelathini wa kuitunza na yeye si mmoja wao.

Hatusemi duara livunjwe. Tunasema duara linalomfundisha mwanamume kusema uwanjani ili aendelee kunyamaza chumbani limeishia nusu ya njia. Na mtu akisema mbele ya wenzake jambo la nyumba yake, neno la kwanza ambalo wenzake wanapaswa kumrudishia ni hili: "Mama watoto anajua?" Hilo halihitaji uwanja wa peke yenu. Linahitaji dakika kumi pembeni, chini ya mwarobaini, na hakuna mwanamke wa parokia hii atakayekuja kutega sikio, wana kazi.

Kisha kuna suala la uwanja wenyewe. Jiji hili lina viwanja vya wazi vichache kuliko linavyohitaji, na vingi vilivyochorwa kwenye ramani leo vina kuta na mageti. Kidogo kilichobaki ni cha wote. Tena jiji hili linajua maana ya kutumia uwanja kutenga watu. Mnazi Mmoja, panaposimama leo mnara wa Mwenge wa Uhuru, paliachwa wazi na wakoloni kwa makusudi, ili Waafrika wa upande wa Kariakoo watengwe na makazi ya Wahindi na Wazungu. Wenye mamlaka wa wakati huo nao walizitaja sababu za afya. Hatuwafananishi akina baba wetu na wakoloni. Tunawakumbusha tu kwamba eneo la wazi likishapewa mlango na mlinzi, haijalishi nia ya aliyeomba ilikuwa njema kiasi gani.

Na hesabu yenyewe haikai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Akina baba wameomba saa mbili kwa siku sita, yaani saa kumi na mbili. Siku tatu za dakika hamsini zinatosha kupata hizo 150, na uwanja ukabaki na siku tatu za watu wengine. Shirika hilo hilo lilitangaza mwaka 2024 kwamba, kwa takwimu za mwaka 2022, wasiofikia kiwango hicho duniani ni asilimia 34 ya wanawake, na kwa wanaume ni asilimia 29. Msituambie kwamba akina mama wetu hufanya mazoezi kwa kufua na kubeba maji. Kuchoka si sawa na kuwa na afya. Waulizeni wauguzi wa zahanati ni nani wanaojaza benchi siku ya kliniki ya presha.

Basi tumeirudisha barua kwa katibu wa kikundi, na pembeni tumeandika kwa kalamu ya risasi tunayoyataka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ziwe za akina baba. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ziwe za akina mama. Siku yoyote, mtu mwingine akitaka kuzunguka uwanja kwa miguu yake, asiulizwe. Kiingilio kifutwe, mwenye fulana aivae, asiye nayo aje na aliyo nayo. Kijana wa bodaboda afuatwe na aombwe radhi. Na mwanachama yeyote asiorodheshwe mpaka mkewe, kama anaye, ameweka sahihi yake kwenye mstari ulio juu ya mstari wetu. Ikirudi hivyo, mhuri upo.

Tunajua baadhi yenu mtakasirika, na mmoja ameshatuma ujumbe kwamba Paroko asiyekuwa na mke anafahamu nini juu ya ndoa. Ni swali la haki. Tunafahamu tunachoambiwa na wale mnaowaacha nyumbani, na wanatuambia mengi.

Wakati barua ikifikiriwa, uwanja ni wa umma na kuuingia hakuhitaji barua. Akina mama kumi na saba wamejiandikisha kwa katibu wa WAWATA, na Jumanne ijayo watakuwa pale saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi wetu atawasha taa ya kona ya kanisa. Akina baba hawahitajiki uwanjani siku hiyo. Kwa wale ambao hawajapata kulijua, gari la shule hupita saa kumi na moja na nusu, na halisubiri.